Nani Hubadilisha Balbu Juu ya Mlima wa Chuma?

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei 1911, mafundi wachache walikuwa kazini ndani ya Hell Gate, mmoja wa michezo ya bustani ya burudani ya Dreamland huko Coney Island, New York. Msimu mpya ulikuwa ufunguliwe siku hiyohiyo. Hell Gate ulikuwa mchezo wa mashua: zilizungushwa katika kizingia cha maji, kisha zikazama chini kupita katika mandhari ya tumbo la dunia. Njia ya maji ilikuwa inavuja, na mafundi walikuwa wakiziba nyufa kwa lami ya moto. Yapata saa saba na nusu usiku umeme ukaleta hitilafu, balbu zilizowamulikia zikafa, na katika giza hilo mmoja wao akaipiga teke ndoo ya lami. Kulipopambazuka, Dreamland, iliyofunguliwa mwaka 1904 na kusifiwa kwa balbu zinazotajwa kufikia milioni moja, ilikuwa majivu. Haikujengwa tena.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya moto. Mimi hukisoma kama habari ya matengenezo. Watu walikuwa kazini usiku kwa sababu mchana ni wa wateja. Walikuwa mahali pafinyu nyuma ya mapambo, ambako mteja hafiki. Walitegemea umeme wa mchezo wenyewe uwamulikie. Na umeme huo ulipowasaliti, kila kilichowazunguka, yaani mbao nyembamba, plasta na turubai zilizopakwa rangi, kilikuwa kuni. Zaidi ya karne imepita, reli za michezo ni za chuma na kompyuta ndizo zinazoongoza breki, lakini fundi wa taa na mapambo bado anafanya kazi yake katika mazingira yanayofanana sana na hayo.

Swali la uchambuzi huu ni hili: kwa nini katika rolakosta, ile treni ya burudani inayovutwa juu ya mlima wa reli kisha ikaachiwa ishuke kwa uzito wake, taa na mapambo ndiyo huwa ya kwanza kufa, hata pale ambapo reli na magurudumu hutunzwa kwa uangalifu mkubwa? Jibu la haraka ni fedha. Jibu hilo ni kweli nusu tu. Nadhani mzizi uko mapema zaidi, kwenye meza ya mchoraji, pale anapoamua wapi taa itakaa bila kujiuliza nani ataifikia.

Taa haikuletwa kwenye rolakosta baadaye kama kitambaa cha meza. Ilikuwamo karibu tangu mwanzo. LaMarcus Thompson alifungua Switchback Railway yake Coney Island mwaka 1884, na nauli ilikuwa senti tano. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1887, akajenga Atlantic City kile alichokiita reli ya mandhari. Mabehewa yaliingia katika mahandaki yenye picha kubwa zilizochorwa, na taa ziliwaka pale mabehewa yenyewe yalipogusa swichi njiani. Huo ulikuwa ufundi wa hali ya juu kwa wakati wake. Ulikuwa pia mwanzo wa taabu ya kila usiku, maana swichi inayoguswa na behewa mamia ya mara kwa siku hulegea, huingia vumbi na kushika kutu. Ikishindwa, abiria hupita gizani bila kujua kwamba kulikuwa na picha. Hakuna anayeumia wala anayelalamika. Mteja hawezi kudai kitu ambacho hakujua kipo, na hapo ndipo ugumu wote ulipo.

Tazama namna rolakosta inavyotunzwa. Kila asubuhi, kabla bustani haijafunguliwa, mafundi hutembea kando ya reli wakikagua boliti, viungo vya kulehemu, mnyororo wa kupandishia, magurudumu na vizuizi vya viti. Treni tupu huzungushwa mara kadhaa. Karatasi hutiwa saini. Kamati ya F24 ya shirika la viwango la ASTM, iliyoundwa mwaka 1978, imeandika viwango vya usanifu na uendeshaji wa michezo hii, na Ulaya inayo EN 13814. Nchini Marekani, tangu mwaka 1981 serikali kuu haina mamlaka juu ya michezo iliyojengwa mahali pamoja katika bustani za kudumu, kwa hiyo kazi hiyo imeachiwa majimbo. Hata hivyo, kinachotazamwa kila mahali ni kimoja: abiria arudi salama.

Na ndivyo inavyopasa. Mnamo Septemba 2003, treni ya Big Thunder Mountain katika Disneyland, California, iliacha njia. Mtu mmoja akafa na kumi wakaumia. Wachunguzi wa jimbo walilaumu matengenezo ya magurudumu yasiyofanywa sawasawa. Baada ya kusoma habari kama hiyo, nani atathubutu kusema fundi aliyebaki zamu na saa mbili mkononi aende kwenye balbu badala ya boliti? Mimi sithubutu. Lakini mpangilio huo wa haki una matokeo yake. Balbu ya mapambo haina mkaguzi wala karatasi ya kutiwa saini. Kila siku ina sababu nzuri ya kuahirishwa hadi kesho, na sababu nzuri elfu moja zikifuatana, mlima mzima huwa giza.

Mfano mkubwa kuliko yote uko Florida. Expedition Everest ilifunguliwa rasmi Aprili 2006 katika bustani ya Disney's Animal Kingdom, kwa gharama iliyoripotiwa kufikia dola milioni 100. Mlima wake una kimo cha futi 199.5, karibu mita 61, na ile nusu futi iliyokosekana ina maana yake. Marekani, jengo likifika futi 200 kwa kawaida hutakiwa kuwa na taa za kuonya ndege. Taa nyekundu ikiwaka juu ya kilele cha Himalaya ingeua hadithi nzima, basi wasanifu wakaukata mlima kabla haujafika hapo. Watu waliojali taa kiasi hicho ndio haohao waliomweka ndani ya mlima Yeti, zimwi la theluji lenye kimo cha karibu futi 25, linaloendeshwa kwa nguvu za haidroliki, ambalo lilipaswa kuwarukia abiria na kuwapungia mkono juu ya vichwa vyao treni ikipita chini yake.

Yeti alicheza kwa muda mfupi. Kisha akasimama, na kwa miaka zaidi ya kumi na mitano amebaki amesimama. Iliripotiwa kwamba kasoro ilikuwa katika muundo unaombeba, wala si katika ngozi au manyoya yake. Mafundi wakampa tiba ya taa: wakamwelekezea taa za kupepesa, zile zinazowaka na kuzima upesi, ili jicho la abiria lidanganywe kwamba amesogea. Wapenzi wa michezo hii wakamwita Disco Yeti. Joe Rohde, aliyeongoza usanifu wa mlima huo, aliahidi hadharani mwaka 2013 kwamba Yeti atarekebishwa. Rohde amekwisha kustaafu, na Yeti bado amenyosha mkono hewani.

Kuna jambo la kujifunza katika ujenzi wake. Mlima, reli na Yeti vilijengwa kama miundo mitatu isiyogusana, ili mtikiso wa mmoja usimfikie mwenzake. Huo ni uhandisi safi. Lakini mlima ukishafungwa juu ya zimwi, kumfikia kwa kazi kubwa maana yake ni kusimamisha mchezo ambao watu wanaupangia foleni kila siku na kuingiza vyuma vizito mahali ambapo hapakuachwa njia. Hapo uamuzi wa kutumia taa ulikuwa sahihi kabisa kwa usalama. Kwa sanaa ni msiba, na nasema hivyo kwa heshima kwa wote waliolijenga lile dubwana kwa mikono yao.

Wataalamu wa bustani hizi huita hali kama hiyo hali B. Hali A ni onyesho kamili kama lilivyokusudiwa. Hali B ni kinachoonekana hali A ikishindwa. Mchoraji mzuri huichora hali B siku ileile anayochora A. Anajiuliza: mkono wa zimwi ukikwama, utakwama wapi, juu au chini? Taa ya bluu ikifa, ile nyeupe iliyo nyuma yake itafichua nini? Nguzo? Nyaya? Ngazi ya fundi? Katika mandhari nyingi, taa moja ikifa haiachi pengo la giza tu. Inaacha taa nyingine zimulike kile ambacho kilipaswa kufichwa. Ndiyo maana balbu moja inaweza kuharibu chumba kizima, na chumba hichohicho kikabaki vilevile kwenye taarifa ya zamu: taa tisa kati ya kumi zinawaka.

Tuingie sasa kwenye maadui wenyewe wa taa na mapambo, maana kila mmoja ana tabia yake.

Mtikiso ndio wa kwanza. Balbu ya zamani ina uzi mwembamba wa tungsteni unaowaka kwa joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi, na uzi ulio moto hivyo ni mwororo na dhaifu. Uweke kando ya reli inayotetemeshwa na tani kadhaa za treni kila dakika mbili, utakatika kabla ya siku zake. Siku zake zenyewe ni chache: balbu ya kawaida huhesabiwa saa 1,000 hivi. Chukua rolakosta ya mbao iliyopambwa balbu 3,000 kwenye kingo zake, zinazowaka saa sita kila usiku. Hesabu ni nyepesi. Kwa wastani balbu 18 zitakufa kila usiku, hata bila mtikiso wowote. Fundi akikosa kwa wiki moja, zaidi ya mia moja zimezima, na ule mstari wa mwanga uliokuwa ukichora umbo la mlima angani umekuwa kama mdomo wa mzee.

Kwa sababu hiyo taa za LED zilipokelewa kwa shangwe. Hazina uzi wa kukatika, hula umeme mdogo sana ukilinganisha na balbu za zamani, na hutajwa kudumu saa 25,000 hadi 50,000. Katika hesabu ileile, vifo 18 kwa usiku vinashuka chini ya kimoja. Bustani nyingi zilibadilisha taa zao zikidhani zimemalizana na ngazi.

Hazijamalizana. Saa hizo 50,000 ni za kile kidoti kinachotoa mwanga. Kifaa kinachogeuza umeme wa njia kuu kuwa umeme mdogo wa LED kina kapasita ndani yake, na kapasita huchoshwa na joto. Maji huingia kwenye viungo vya nyaya. Plastiki ya kifuniko hugeuka njano. Taa za kisasa zinazopangiwa rangi moja moja kwa kompyuta huunganishwa kama shanga kwenye uzi, na kwa aina nyingi shanga moja ikifa zote zinazofuata hupoteza amri. Kisha lipo tatizo ambalo wahasibu hawalioni: taa mpya hailingani rangi na jirani zake za miaka sita. Fundi akibadilisha moja, mstari mweupe unakuwa na doa la ubuluu. Akibadilisha nyingine mwaka unaofuata, doa la pili. Balbu ya kale ilikuwa ikifa ghafla na kwa uwazi. LED hufifia polepole, na jicho la anayepita hapo kila siku hufifia pamoja nayo. Anayegundua ni mgeni.

Jua ni adui wa pili, na kazi yake ni ya kimyakimya. Miale ya urujuanimno huvunja rangi, hasa nyingi za jamii ya waridi, zambarau na nyekundu kali. Rolakosta ya zambarau huweza kuwa kijivu cha huzuni kabla mkopo wake haujalipwa. Rangi zitokanazo na madini ya chuma, yaani udongo mwekundu, kahawia na njano ya mchanga, huvumilia zaidi. Kwa hiyo miamba ya kuigiza huzeeka vizuri, na mji wa kale wa wachimba dhahabu huzeeka vizuri kuliko vyote, kwa kuwa kutu na ubao uliopauka ni sehemu ya hadithi. Chombo cha anga cheupe hakina pa kuficha doa. Ukiniomba ushauri wa kuchagua hadithi kwa mchezo utakaokaa nje miaka 30, nitachagua ile ambayo uzee unaiongezea sura.

Ila hapo pana mtego. Mahali ambapo kutu imechorwa kwa brashi, kutu ya kweli hujificha. Mkaguzi anayetembea kando ya nguzo zilizopakwa zionekane kuukuu anahitaji kujua ni doa lipi la msanii na lipi la chumvi ya bahari, na kujua huko kunataka picha, kumbukumbu na mtu aliyekaa kazini miaka mingi. Ukimfukuza fundi mzee, umefukuza pia ramani iliyokuwa kichwani mwake.

Adui mwingine huota mwenyewe. Treni ya rolakosta inahitaji nafasi tupu kuizunguka, kubwa kuliko behewa, inayozingatia mikono na miguu ya abiria ikinyoshwa. Kabla ya mchezo kufunguliwa hupitishwa fremu yenye umbo la nafasi hiyo kwenye reli nzima ili kuhakikisha hakuna kinachoigusa. Lakini mti uliopandwa kama pambo hukua, jiwe la faibaglasi hulegea, na taa iliyorudishwa na fundi mwenye haraka hukaa sentimita kumi mbele ya ilipokuwa. Pambo lililolegea kando ya reli halihesabiwi tena kuwa pambo.

Giza nalo ni kifaa cha kazi, na linahitaji matunzo kama taa. Rolakosta ya Space Mountain huko Florida, iliyofunguliwa Januari 1975, haizidi kilomita 45 kwa saa au karibu na hapo. Pikipiki mjini huipita. Lakini abiria wake hushuka wakiapa kwamba walikuwa wakiruka, kwa sababu hawaioni kona kabla haijawafika. Giza hilo hutengenezwa kila siku: nyufa za mlango huzibwa, rangi nyeusi hurudishwa palipochubuka, taa ya dharura huelekezwa mahali isipovuja. Treni ikisimama na taa za kazi zikawashwa, uchawi wote hufichuka, na unaona msitu wa vyuma ndani ya ghala kubwa. Mafundi wa usiku ndio watu pekee wanaouona mlima huo kila siku jinsi ulivyo.

Lakini giza lina deni kubwa. Tarehe 11 Mei 1984, katika Six Flags Great Adventure, New Jersey, vijana wanane walikufa kwa moto ndani ya Haunted Castle, nyumba ya mizimwi iliyoundwa kwa matrela yaliyounganishwa. Haikuwa na vinyunyizi vya maji. Kwa mujibu wa ushahidi uliotolewa, taa ya kupepesa katika sehemu moja ya njia ilikuwa mbovu. Kijana mmoja akawasha kibiriti cha gesi ili aone pa kupita, na moto ukagusa sponji iliyofunika ukuta. Kampuni ilishtakiwa kwa mauaji bila kukusudia na mwaka 1985 baraza la wazee wa mahakama likaiachilia. Baada ya msiba huo kanuni za moto za Marekani zilikazwa kwa majengo ya aina hiyo.

Tafadhali soma tena sehemu ya taa. Wanane hao walikufa mahali ambapo balbu moja ya mapambo, ile isiyo na mkaguzi, ndiyo iliyotenganisha njia na giza. Tofauti kati ya taa ya urembo na taa ya usalama iko kwenye karatasi. Kwa mtu aliye ndani, mwanga ni mwanga. Kwa hiyo sikubaliani na wasimamizi wanaoziweka kazi hizi katika vitabu viwili visivyokutana. Taa za dharura sharti ziwe na umeme wake wa pembeni, hilo linajulikana; lakini orodha ya taa za mapambo nayo ingepaswa kuonyesha zipi, zikifa, zitamfanya mtu apapase ukuta. Na alama ya mlango wa kutokea ibaki ikiwaka hata kama msanii analia kwamba inaua usiku wake.

Taa za kupepesa zina sharti jingine pia. Kwa asilimia 3 hivi ya watu wenye kifafa, mwanga wa aina hiyo unaweza kuamsha degedege, na mwongozo wa Uingereza kwa kumbi za burudani umekuwa ni kutozidi mipepeso 4 kwa sekunde. Kifaa kilichozeeka au kilichobadilishwa kwa kipuri kisicho chake huweza kubadili mwendo. Anayekipima ni fundi mwenye saa mkononi, na asipokipima hakuna atakayejua.

Nani basi hufika huko juu? Ni mtu wa zamu ya usiku, aliyeweka kufuli lake mwenyewe kwenye swichi kuu ili mwingine asiwashe mtambo akiwa kwenye reli, aliyefunga zana zake kwa kamba zisidondoke, anayehesabu bisibisi zake akipanda na kuzihesabu tena akishuka. Kazi yake ni ya hatari hata mchezo ukiwa umezimwa. Mwishoni mwa mwaka 2012 mfanyakazi wa kampuni ya nje aliteleza na kuumia akiwa kwenye upande wa nje wa kuba la Space Mountain ya Disneyland. Wakaguzi wa jimbo la California walipotoa faini mwaka 2013, bustani ikasimamisha kwa muda michezo kadhaa, ikiwamo Matterhorn, ili kupitia upya njia za kufanyia kazi juu ya mapaa hayo. Kuba lilikuwa na miaka 35. Kwa miaka yote hiyo kulikuwa na watu wakilisafisha.

Ndiyo maana nasema mzizi uko kwenye meza ya mchoraji. Taa iliyowekwa pasipo ngazi, pasipo ndoana ya mkanda wa usalama, pasipo mlango wa nyuma, imekwisha kufa. Inasubiri tarehe tu. Taa hiyohiyo ikishushwa kwa waya hadi chini, au ikiwekwa mahali mkono unafika kutoka kwenye kibaraza cha fundi, itaishi muda wote wa mchezo.

Fedha inakuja baada ya hapo. Kipya kinyemi: mwenye bustani huweza kuiomba benki mkopo wa mchezo mpya na akaupata, lakini benki gani itakopesha ya kurudishia moshi uliokoma kutoka kwenye pango? Kisa cha Disaster Transport ya Cedar Point, Ohio, kinaonyesha mwisho wake. Ilianza mwaka 1985 kama Avalanche Run, mchezo wa wazi karibu na ufuo. Mwaka 1990 ikafunikwa kwa jengo na kupewa hadithi ya chombo cha mizigo kinachokwenda Alaska, pamoja na taa, roboti na sauti. Mwaka baada ya mwaka vitu hivyo vikanyamaza kimoja kimoja. Treni iliendelea kupita salama, lakini ikipita katika ghala lenye giza ambamo hadithi ilikuwa imekwisha kufa, na Julai 2012 mchezo ukafungwa na kubomolewa. Hakuna ajali iliyouua. Uliuawa na kesho nyingi.

Njia ya kinyume ipo na si ya siri. Wataalamu wa taa huiita kubadilisha kwa kundi: huingoji balbu iungue, unazibadilisha zote zinapofikia sehemu kubwa ya umri wao, pengine asilimia 70 au 80, kwa usiku mmoja wa kreni badala ya usiku arobaini wa ngazi. Inaonekana ni ubadhirifu kutupa taa inayowaka. Ukipiga hesabu ya mshahara wa fundi, kukodi kreni na hatari ya kupanda, ni akiba. Mji wa Blackpool, Uingereza, umekwenda mbali zaidi. Taa zake za pwani zilianza mwaka 1879 kwa taa nane za tao la umeme. Leo zinatandazwa karibu kilomita 10, zikipita mbele ya bustani yenye rolakosta ya mwaka 1923, na mji una karakana na mafundi wake wa kudumu wanaozitengeneza mwaka mzima, pamoja na miezi ambayo hakuna anayezitazama. Upepo wa chumvi wa pale hauna huruma. Taa zinawaka kwa sababu kuna mtu ambaye kazi yake, Februari, ni hiyo.

Wakati mwingine ukarabati mkubwa huleta nafasi ya kusahihisha kosa la mwanzo. Rolakosta ya Nemesis katika bustani ya Alton Towers, iliyojengwa mwaka 1994 ndani ya shimo lililochongwa mwambani kwa sababu haikuruhusiwa kuzidi miti, ilifungwa Novemba 2022, ikawekewa reli mpya na kufunguliwa tena Machi 2024 ikiwa nyeusi yenye mishipa myekundu. Big Thunder ya Disneyland ilipobadilishiwa reli kati ya mwaka 2013 na 2014, pango lake la mwisho lilipewa onyesho jipya la baruti. Reli ikishang'olewa na bajeti ikishapatikana, mapambo huweza kuingia mlango uleule. Fundi mwerevu huwa na orodha yake tayari akingoja siku hiyo.

Ghuba nayo ina masharti yake, na wasomaji wetu wengi wa Muscat na Dubai wanayajua kwa ngozi zao. Ferrari World ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010, iko chini ya paa kubwa jekundu, lakini rolakosta yake ya Formula Rossa hutoka nje kwa kasi ya kilomita 240 kwa saa, na abiria huvishwa miwani kwa ajili ya mchanga. Mchanga unaotishia jicho hukwangua pia kioo cha taa na kujaza tundu za kupozea vifaa. Paa huokoa rangi kutokana na jua, ila hudai kiyoyozi kisichozimwa, na taa za mchana kutwa ambazo bustani ya wazi haizihitaji. Huko saa 25,000 hukimbia upesi.

Kwetu pwani hatuna milima hiyo ya chuma. Tuna bembea za Idi. Nilipokuwa mdogo, uwanjani palikuwa na bembea ya kuzunguka iliyopambwa mlolongo wa balbu zilizochovywa rangi, nyekundu, kijani na njano, zikilishwa na jenereta iliyofungwa kamba mnazini. Mwenye bembea alikuwa na kopo la maziwa lililojaa balbu za akiba zilizofungwa magazetini. Moja ikifa, alisimamisha bembea, akazima jenereta, akasubiri mpaka balbu ipoe, kisha akapanda kwenye mlingoti na balbu mdomoni akiwa ameishika kwa kitako chake. Sisi tulikaa vitini gizani tukimpigia kelele ashuke, maana zamu yetu ilikuwa inapotea. Hakutujibu. Aliikaza mpaka mwisho, akaifuta kwa kanzu yake, akashuka, na ndipo akavuta kamba ya jenereta.